Nchi ya Mikono Iliyoshonwa

Waliowahi kufika Poleni hawawezi kukuelekeza njia. Ukiwauliza, watakuambia walikuwa wanakwenda kwingine, usingizi ukawapitia, na walipofumbua macho walijikuta wamesimama langoni, viatu vimejaa sufi. Mwanatumu binti Shauri tusimweke katika kundi hilo la waliopotea. Yeye alikuwa na jambo la kumpeleka. Mdogo wake, Ngwali, alihamia huko zamani, akapata cheo na nyumba, kisha akaacha kuandika. Baadaye zikaja habari za juu juu kwamba kifua kinamsumbua. Mwanatumu hakungoja habari za pili. Walikuwa wameachiwa dunia wao wawili tu, na huyo bwana mkubwa mwenye cheo, Mwanatumu ndiye aliyembeba mgongoni tangu anajikojolea.

"Pole na safari, mama," alisema ofisa wa lango, na sauti yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba Mwanatumu, ambaye hakuwa amechoka, alihisi machozi yanamlenga.

Ofisa akampa joho jeupe. Mwanatumu akalivaa, akatafuta pa kutolea viganja vyake, asipaone. Mikono ya joho ilikuwa mirefu na mwisho wake imeshonwa, kama mifuko miwili inayoning'inia.

"Sasa nitashikaje vitu?"

"Nyumbani utalivua, mama. Hili ni la njiani tu."

"Na huko njiani kuna nini?"

"Kuna watu," alijibu ofisa kwa upole. "Na watu huanguka."

Mwanatumu akaingia mjini akipapasa hewa ndani ya mifuko yake. Mji wenyewe ulikuwa mzuri, tusiwaonee. Barabara zote zilitandazwa sufi, nyeupe, laini, na kila upepo ulipovuma nyuzi zake zilipaa zikaelea kati ya nyumba, zikatua kwenye nyusi za wapita njia. Hapakuwa na kishindo popote. Punda walipita bila mlio wa kwato. Nyumba hazikuwa na kona, jua lilionekana kama limefunikwa chandarua, na watu walizungumza kwa sauti za watu waliotoka kuamka. Serikali ilijivunia sana ile sufi. Kwenye kila njia panda palikuwa na kibao kilichosema kwamba hapa Poleni hakuna aangukaye kwa kishindo.

Ngwali alimpokea mlangoni. Alikuwa amekonda, na alipompandisha dada yake ghorofani alisimama katikati ya ngazi, kiganja kimeshika kifua, akajifanya anaangalia nje dirishani.

"Unaangalia nini?" Mwanatumu akamuuliza.

"Mandhari."

"Hilo ni dirisha la choo cha jirani, Ngwali."

Akacheka, yule mdogo wake, akacheka hadi ikambidi akae chini. Mwanatumu naye akacheka, lakini moyo wake ulishaingiwa na baridi.

Wakati wa chakula, mikono ikiwa nje ya majoho kama mikono ya watu wengine duniani, Ngwali alimweleza kazi yake. Alikuwa Mpima Pole. Alizunguka mitaani kusikiliza jinsi raia wanavyotoa pole, kwa sababu katika nchi ile pole haikuwa neno la kutupwa hovyo. Ilikuwapo pole ya kujikwaa, iliyotamkwa kwa kuinamisha kichwa kidogo. Ilikuwapo pole ya homa, ndefu, yenye mkunjo mwishoni. Pole ya mtu aliyeanguka chini ilifundishwa miaka mingi shuleni, na aliyeitoa harakaharaka alitozwa faini, kwani pole ya haraka ni dharau.

"Na baada ya pole?" Mwanatumu aliuliza.

"Baada ya pole vipi?"

"Mtu ameanguka. Mmempa pole. Kisha mnamfanyia nini?"

Ngwali alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni. Akamweleza Sheria ya Anguko, kwamba anayemgusa aliyeanguka ndiye aliyemwangusha. Anguko lile linakuwa lake, atalijibia mahakamani na jina lake litafuatana nalo maisha yake yote. Ndiyo maana majoho yakashonwa, ili wenye moyo mwepesi wasijiponze. Wanaoruhusiwa kugusa ni Wagusaji peke yao, watu wenye elimu, wanaokaa kule kilimani.

"Basi twende kwao wakutazame hicho kifua."

"Wagusaji hawaendewi, dada. Huitwa."

"Waite, basi."

"Sheria inasema *mtu mmoja akawaite*."

"Wewe si mtu mmoja?"

"Mimi ni Ngwali," alisema mdogo wake, kwa uzito, na Mwanatumu akaona kwamba hatanii.

Msingi wa yote hayo ulikuwa Bwana Mwanzo, aliyeijenga Poleni. Habari zake kila mtoto alizijua kwa moyo. Siku moja Bwana Mwanzo alikuwa akiezeka paa la nyumba yake, akateleza, akaanguka, nyonga ikavunjika. Watu wake waliompenda walimnyanyua wakakimbia naye. Njiani akafumbua macho, akawatazama waliombeba, akasema, pole, pole. Hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Watu wakaelewa. Wakamweka chini palepale, wakaketi kumzunguka, wakampa pole mpaka jua likachwa na yeye akakata roho. Tangu siku hiyo wanawe hawanyanyui mtu.

"Hebu ngoja," alisema Mwanatumu. "Yeye ndiye aliyevunjika, na yeye ndiye aliyewapa wenzake pole?"

"Huo ndio ukubwa wake, dada."

Mwanatumu alitafuna tonge lake taratibu. Kuna kitu kilimkwaruza katika hadithi ile, lakini hakukipata, na Ngwali alikuwa amekwisha kumwongeza mchuzi.

Siku zikapita kama zinavyopita ndotoni, bila kujua ipi ilitangulia. Mwanatumu alizoea sufi, alizoea ukimya, na hata lile joho aliona lina starehe yake, maana mtu asiye na mikono haombwi kubeba kitu. Ndipo siku moja yeye na Ngwali wakakutana na muuza miwa.

Alikuwa ameruhusiwa kutoa mikono kwa ajili ya biashara yake. Alikuwa akimenya muwa, akimtania mkewe aliyesimama kando ya toroli, kisu kikateleza kikamwingia mkononi, juu ya kiwiko. Akaketi chini kwenye sufi akiwa bado anatabasamu. Sufi ikaanza kuwa nyekundu. Watu wakaja kutoka kila upande, wakamzunguka, safu juu ya safu, hata hewa ikawa haba pale katikati, wakaanza kutoa pole. Mwanatumu hajapata kusikia sauti nzuri namna ile. Mke wa muuza miwa naye alitoa pole, mikono yake ikipapatika ndani ya joho kama kuku aliyefungwa.

"Si mtu abane hapo panapotoka damu!" Mwanatumu alisema. "Kwa kitambaa, kwa kanga, kwa chochote! Abane asiachie!"

"Dada." Ngwali alikuwa amekanyaga pindo la joho lake. "Ukimgusa, ni wewe uliyemkata. Watakuchukua, na mimi nitabaki na nani?"

Uso wake ulikuwa wa kijivu. Mwanatumu akabaki palepale. Mbele yake mabwana wawili walikuwa wakiulizana kama mtu mmoja ameshakwenda kuwaita Wagusaji, na kila mmoja alimhakikishia mwenzake kwamba, kwa umati wote huu, hapana shaka mtu mmoja ameshakwenda. Walilisema hilo mpaka hapakuwa tena na haja ya kwenda. Usiku ule Mwanatumu hakula. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe aliielekeza zaidi kwenye mikono yake miwili, mizima, iliyokuwapo pale muda wote.

Kisha ikaja Sikukuu ya Anguko. Nchi nzima ilikusanyika uwanjani, mahali ilipokuwa nyumba ya Bwana Mwanzo, na kama desturi, kabla ya mchezo wenyewe, wataalamu walijadiliana jambo la kisheria mbele ya hadhara. Mwaka ule jambo lilikuwa hili: mtu mmoja ni nani? Aliyeongoza mjadala alikuwa Mzee Tamko, mtunza maneno ya Bwana Mwanzo, mwenye ndevu nyeupe zisizotofautika na sufi. Mtaalamu wa kwanza alisema mtu mmoja ni yule aliye karibu zaidi na aliyeanguka. Wa pili akapinga, akasema aliye karibu amezibwa na umati, kwa hiyo sheria ilimkusudia aliye mbali zaidi, mwenye njia nyeupe. Wa tatu alithibitisha kwa hoja ndefu, na watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, kwamba mtu mmoja bado hajazaliwa. Mzee Tamko akawashukuru wote, akasema mjadala utaendelea mwakani.

Ndipo ukaja mchezo. Kila mwaka raia mmoja hupewa heshima ya kuwa Bwana Mwanzo, apande ngazi, ateleze, aanguke, na nchi nzima impe pole. Mwaka ule heshima ilimwangukia Ngwali.

"Usipande," Mwanatumu alimwambia asubuhi ile.

"Ni heshima, dada."

"Na kifua?"

"Kwani nitapanda kwa kifua?" Akamkonyeza, kama alivyomkonyeza alipokuwa mdogo akienda kuiba maembe mabichi kwa jirani.

Akapanda. Vipandio vilikuwa vichache tu, na mchezaji aliruhusiwa kutoa mikono. Juu kabisa akageuka, akamtafuta dada yake kwa macho, akaweka kiganja kifuani. Kisha akaanguka kwenye sufi bila kishindo.

Umati ukashusha pumzi kwa kuvutiwa. Haijapata kuonekana anguko zuri namna lile. Ngwali alilala chali, mdomo wazi, na kooni mwake ikatoka sauti ya kukoroma, moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. "Sikilizeni sauti hiyo," watu walinong'ona. "Amefanya mazoezi huyu." Wengine walikuwa wanalia. Pole ikaanza, polepole, nzito, kutoka upande wa mashariki wa uwanja hadi wa magharibi.

Mwanatumu peke yake ndiye aliyejua. Ngwali hakuwahi katika maisha yake kuweza kujifanya amekufa. Walipokuwa wadogo walicheza mchezo huo kila siku, na kila siku kope zilimcheza, na ukimwita Kidonge, jina lake la utotoni alilolichukia, alikurupuka kukupiga.

Akapenya katikati ya watu kwa mabega. Akapiga magoti.

"Kidonge!"

Hakuna. Akamtikisa mabega kwa mifuko ya joho lake, akamwita tena karibu na sikio. "Kidonge, amka!" Kope hazikucheza. Kifua hakikupanda. Ule mkoromo ukaja mara moja tena, kisha hata huo ukaacha.

"Mama, unaharibu mchezo," mtu alisema.

Mwanatumu akauma mshono wa joho. Uzi ulikuwa wa zamani. Ukakatika, mkono mmoja ukatoka nje kwenye mwanga, na mkono huo ukauchana mshono wa pili. Uwanja mzima ukanyamaza. Sauti za mishono ile zilisikika mbali.

Mwanatumu hakuwa na elimu ya Wagusaji. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu moja, ya siku sokoni kwao, mwanamume alipodondoka mbele ya mabanda ya samaki na kijana mmoja akamkandamiza kifua mpaka msaada ukafika. Alikumbuka mahali, katikati ya kifua. Alikumbuka kwamba yule kijana alitumia nguvu hata watu wakamkemea, kwamba alikwenda mbio, na kwamba hakuacha. Hayo tu. Alijua wazi kwamba hayo ni machache, na aliogopa mno. Lakini Ngwali alikuwa hapumui, na hapo hakuna baya zaidi la kumfanyia.

Kwanza aliinua kichwa. Akatazama umati, akachagua uso mmoja. "Wewe! Mwenye kilemba cha kijani! Unaitwa nani?"

"Mimi?" yule bwana alitazama nyuma yake. "Shubiri."

"Bwana Shubiri, mtu mmoja ni wewe. Kimbia kilimani uwaite Wagusaji, waambie mtu hapumui, urudi nao. Umenisikia?"

"Lakini wataalamu wamesema..."

"Shubiri!"

Shubiri akatimka. Baadaye alisema kwamba maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita jina lake namna ile, na miguu iliondoka kabla yake.

Mwanatumu akaweka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua cha mdogo wake, akanyoosha mikono, akakandamiza. Kifua kikazama, akakiacha kiinuke, akakandamiza tena. Akajaribu kushika mwendo, lakini ile pole nzito ya uwanja ilikuwa imeanza tena na ilimvuta nyuma, ikimfanya alegee, kama mtu anayebembelezwa alale.

"Upesi!" akapaza sauti. "Kama mnasema, semeni upesi! Pole-pole-pole-pole! Kila pole moja, nakandamiza mara moja!"

"Hiyo ni pole ya dharau!" alilia Mzee Tamko. "Pole ya haraka ina faini! Na ni nani mwenye anguko hili? Mwandishi, andika jina lake!"

Pumzi za Mwanatumu zilikuwa za kazi. Jasho lilimwingia machoni, mikono ikaanza kuishiwa nguvu. Ndipo mtu akapiga magoti upande wa pili wa Ngwali. Alikuwa mwanamke mwenye macho yaliyovimba, na meno yake yalikuwa yanavuta uzi wa joho lake. Mwanatumu akamjua. Alikuwa mjane wa muuza miwa.

"Nionyeshe pa kushika," alisema.

"Hapa. Kandamiza kwa nguvu, nikichoka ushike wewe. Usimwonee huruma."

Mjane akashika. Na kwa sauti yake mwenyewe, kavu, bila mkunjo wowote, akaanza: pole-pole-pole-pole. Mtu wa nyuma yake akaifuata. Kisha wengine. Ile pole ya Poleni, iliyofundishwa miaka mingi shuleni, ikavuliwa mapambo yake yote, ikawa fupi, ngumu, ya mbio, na uwanja mzima ukaisema kwa pamoja, na vifua vyao wenyewe vikawa vinaitikia. Mwanatumu akawaambia warudi nyuma, hewa ipite, na wao wakarudi bila kuacha kusema. Mjane alipochoka, bwana mmoja alikuwa ameshachana joho lake anangoja. Baada yake mwingine. Mwandishi wa mahakama aliandika jina, akalifuta, akaandika jingine. Mwisho akaweka kalamu chini akaenda kusimama kwenye mstari.

Hivyo ndivyo Wagusaji walivyowakuta. Walikuja wakikimbia, Shubiri mbele yao, kilemba kimefunguka kinaburuzika kwenye sufi. Walikuwa na kisanduku chenye radi ndogo ndani yake, na mkubwa wao alikifungua bila kupoteza muda, akabandika kifuani alichobandika, akaamuru kila mtu aachie. Mwili wa Ngwali ukaruka kidogo. Wakasikiliza. Kisha kifua kikapanda chenyewe.

Mkubwa wa Wagusaji alibaki amepiga magoti, mkono wake juu ya shingo ya Ngwali. "Ni nani aliyeanza?"

Watu wakainamisha vichwa. "Mimi," alisema Mwanatumu. "Mniandike."

"Tunakaa kule juu tunangoja kuitwa," alisema yule Mgusaji, na hakuwa akimwambia yeye peke yake. "Kazi hii nimeifanya mpaka nimeota mvi, na hamjapata kunipa mtu akiwa bado na joto." Akageuka upande wa pili haraka, na Mwanatumu akaona kwamba analia.

Wakatandika majoho yaliyochanika wakamlaza Ngwali juu yake, wakashika pembe. Kila mtu alitaka kushika. Mikono ilikuwa mingi, myeupe kwa kutoona jua, na wenye mikono hiyo walikuwa na furaha ya watoto. Wakamnyanyua, wakaanza kukimbia naye kuelekea kilimani, na majoho yakawa yanayumba huku na huku. Mwanatumu alikimbia kando, kanga imemdondoka, akimtazama mdogo wake usoni.

Ngwali akafumbua macho. Mbavu zilikuwa zinamuuma, na kila mruko wa wabebaji ulimkunja uso. Akawatazama waliombeba, akafungua midomo.

"Pole," alisema. Akavuta pumzi. "Pole."

Wabebaji wakasimama ghafla. Umati uliokuwa nyuma ukasimama. Kila mtu alikuwa amewahi kuyasikia maneno hayo, kutoka kwa mama yake, kutoka kwa mwalimu wake, tangu hajajua kutembea. Tayari vidole vya mmoja wa wabebaji vilikuwa vinalegea kwenye pembe ya joho, na vifua vilikuwa vinajaa hewa, tayari kumjibu.

Mwanatumu akainama. "Unasemaje, Kidonge? Unaumia?"

"Waambie hao mbwa," Ngwali alinong'ona, na kope zake zikacheza, "wanibebe polepole."

Nyuma yao Mzee Tamko alikuwa ameshika ndevu zake kwa mikono miwili, iliyokuwa nje, hakuna aliyeona ilitoka lini. Alitazama mahali paa la Bwana Mwanzo lilipokuwa, akatazama njia ambayo watu wake walimkimbiza, akatazama pale walipomweka chini.

"Kumbe," alisema.

Shubiri akakaza vidole kwenye pembe yake, akapunguza mwendo, na wengine wote wakamfuata.